Zamu ya Getini

Saa moja kasorobo, Pasua, mwezi wa saba,
Kibo imejifunika mawingu hadi miguuni,
nami nimeshika kipimajoto chenye umbo la bastola
nikiwalenga watoto wa watu kwenye paji la uso.

Thelathini na sita nukta mbili. Pita.
Thelathini na sita nukta nne. Pita, funga kamba za viatu.
Wengine hufumba macho.
Mmoja wa darasa la kwanza huinua mikono juu
kama alivyoona kwenye kibanda cha video.
Wote hucheka, nami hucheka.
Usiku, nikikumbuka, sicheki.

Mkutano wa wazazi ulikula saa tatu.
Mzee Kileo alisema: "Pimeni wote, pimeni hata paka wa jikoni.
Nilimzika dada yangu mwaka wa kipindupindu,
na aliyetuletea alikuwa anatembea vizuri tu."
Mama Haikaeli akasimama, khanga ingali na vumbi la Mbuyuni:
"Mwanangu si gunia la kahawa
mlichome bambo getini mjue lina nini ndani.
Mkimkuta na joto, mtampeleka wapi?
Mna chumba? Mna maji?
Au mna kidole tu cha kumwonyeshea?"
Mwalimu mkuu akaandika yote kwenye ukurasa mmoja.
Mimi niliwaamini wote wawili,
na kweli mbili zikibanana benchi moja
anayedondoka ni mwalimu wa zamu.

Jumatano alikuja Anandumi Temba wa darasa la nne,
mbio tangu Njoro, sweta kiunoni.
Thelathini na saba nukta tisa.
Nikamweka kando, stoo ya majembe, mlango wazi.
Baada ya dakika ishirini joto likashuka:
lilikuwa la mbio, la kuogopa kuchelewa,
la kuniogopa mimi.
Lakini wenzake walikwishahama dawati,
na kufikia saa ya uji alikuwa na jina jipya.
Pasi.
"Pasi, usituunguze!"

Ijumaa, kwa uchovu tu, nikapima ukuta.
Thelathini na sita nukta tatu.
Nikapima mlingoti wa bendera. Vilevile.
Mlingoti wetu ni mzima wa afya.
Mwalimu mkuu akanivuta pembeni:
"Endelea nacho hadi betri zije. Wazazi wanatazama."

Basi nikaendelea nacho, mkono wa kushoto, kwa ajili ya watazamaji.
Na kwa mdomo nikaliokota neno
tunalolikanyaga kila asubuhi:
Hujambo?
Lilikuwa kipimo kabla ya vipimo, swali lenye meno:
una jambo? jambo gani?
Sisi tumeligeuza mwitikio wa darasa,
hatujambo, mwalimu,
watoto hamsini na wanane kwa sauti moja,
na ndani ya sauti moja kikohozi hujificha vizuri sana.

Sasa nauliza mmoja mmoja, nimeinama.
Foleni inafika kwa muuza maandazi,
kengele inalia, hainihusu.
Umelalaje? Nani hakuamka kitandani leo?
Mmoja: "Nina njaa, mwalimu."
Mwingine: "Jino."
Na jana mjukuu wa Mzee Kileo, mdomo sikioni mwangu:
"Babu kanikataza kusema. Dada yuko chumba cha nyuma,
anaungua tangu Jumapili."

Sikuandika kwenye daftari.
Jioni tulikwenda na nesi Ndeshi, bila koti jeupe,
tukapitia mgombani kama wanaokwenda kuomba chumvi.
Mzee alitufungulia. Hakusema pimeni.
Alisogea tu, mlango ukapata nafasi ya mtu mmoja,
kisha wa pili.

Msichana anaendelea vizuri. Betri zimefika.
Mkiniuliza kama shule ipime, nitasema ipime,
ila mwenye kushika kipimo ajifunze kwanza kuinama.

Anandumi bado anaitwa Pasi.
Hiyo homa ni yetu sisi, na niliileta mimi,
na sijaona betri zake zinauzwa duka gani.